Pale Sauti Inapovunjika

6 Oktoba 1957, Jumapili

Leo nimesikia sauti yangu mwenyewe ikitoka katika mashine, nami sikuipenda.

Bwana wangu, Rénovat, hutengeneza redio katika duka la Mgiriki mmoja hapa Kimanga, Uvira. Mgiriki huyo, patron wake, ameletewa magnétophone, mashine inayoshika sauti juu ya utepe, na amemruhusu Rénovat kuijaribu Jumapili, duka likiwa limefungwa. Gaspard alipopata habari hakutulia tena. Gaspard ndiye kiongozi wa kwaya yetu, tena anapiga gita, na nyimbo anazitunga mwenyewe. Anasema redio ya Léo, kule mji mkuu, inaomba nyimbo za huku kwetu. Utepe ukifika kwao karibu na Pasaka, na wakiupenda, Kongo nzima itatusikia.

Basi nikasimama ndani ya depo ya duka, kati ya marobota ya blanketi, mikro mbele ya mdomo, nikaimba wimbo wake wa bibi arusi anayevuka Ruzizi. Katika ubeti wa tatu bibi arusi yuko katikati ya maji, anageuka nyuma, anaita, "Mama!" Neno hilo liko juu sana. Zamani nililifikia bila kufikiri, kama mtu anayeangua papai lililoinamia mlango wake. Leo limenipasukia.

Rénovat akarudisha utepe nyuma, tukasikiliza.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni weye," Rénovat akasema.

Gaspard alikuwa anaangalia viatu vyake. "Mbele sauti yako haikukuwa hivi, Émérance."

Ni kweli. Lakini mwezi wa sita tulimzika Anna, mtoto wetu, miaka minne, surua. Nilimlilia mpaka koo likatoa damu. Sauti ilipotea wiki nyingi, na iliporudi ilirudi kama mkeka ulioliwa na mchwa. Ukiutazama kwa mbali ni mkeka. Ukiukalia unajua.

7 Oktoba

Mvua. Mihogo haikauki.

13 Oktoba

Tena depo. Mashine ina vifungo viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti nzito na kimoja cha sauti nyembamba. Rénovat akipunguza nyembamba, naimba kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni. Akiiongeza, kila herufi ya *s* inarukia masikio kama mafuta ya moto. Akiongeza nzito, nakuwa mwanaume. Tulifanya hivyo mpaka jua la jioni likaipaka rangi milima ya Burundi, na mimi miguu ikanivimba.

"Mara moja tena," anasema kila mara. Hasemi neno lingine.

17 Oktoba

Homa. Kinini. Masikio yanalia.

20 Oktoba

Gaspard amenipa mazoezi. Asubuhi nivumishe sauti mdomo ukiwa umefungwa, mpaka mifupa ya uso itetemeke. Kisha niwashe mshumaa, niimbe karibu nao, na moto usicheze. "Ukicheza, unapoteza pumzi," akasema. "Na usiimbie puani. Fungua koo kama muntu anapiga mwayo." Ni mtu anayejua kazi yake. Namheshimu kwa hilo. Yeye peke yake ndiye aliyenifuata nyumbani mwezi wa nane kuniuliza nitarudi lini kuimba, wakati wengine walikuwa wanapita upande wa pili wa njia.

25 Oktoba

Mshumaa unacheza.

26 Oktoba

Unacheza.

2 Novemba, Siku ya Marehemu

Wote walikwenda makaburini na maua. Mimi nilikwenda na mama mukwe. Rénovat alisema groupe ya duka imeharibika, ile mashine ya mazuti inayotupa umeme, na lazima aitengeneze leo. Padri aliuliza bwana wangu yuko wapi. Nikasema kazini. Padri akageukia kaburi lililofuata.

Mama mukwe anaitwa Niyonsaba. Alitoka Mutarule kuja matanga, na hajarudi kwake, mashamba yake yanaota magugu. Anakaa uani, anachambua maharagwe, ananiangalia. Hasemi kitu. Nadhani anangoja siku ya kuniambia kwamba nilichelewa kumpeleka mtoto kwa daktari. Sikuchelewa. Lakini mtu akikuangalia miezi mitano bila kusema, unaanza kujitetea hata mbele ya sufuria.

10 Novemba

Mvua juu ya bati la depo. Hakuna kuimba. Tulikaa juu ya marobota tukiangaliana, Gaspard akikaza nyuzi za gita na kuzilegeza.

17 Novemba

Mvua tena.

24 Novemba

Mvua ilisimama, tukaanza, na groupe ikaingia ndani ya utepe, *du-du-du*, kama lori lililoegeshwa ndani ya wimbo. Rénovat ameihamisha mpaka nyuma ya ukuta wa jirani na kuvuta waya mrefu. Amelowa mpaka mifupani. Alipokuja kula hakuvua hata shati. Nikamwambia, "Utaugua." Akasema waya ule ni mzuri.

8 Desemba

Rénovat ametengeneza kisanduku. Amekitoa ndani ya redio mbili zilizokufa. Kina vifungo vinne. Alinieleza kwa furaha ambayo sijaiona tangu kabla ya Juni, akigusa mwili wangu badala ya kisanduku: cha kwanza ni sauti inayotoka hapa chini, tumboni; cha pili ni kifua; cha tatu ni hapa, kati ya koo na pua; cha nne ni meno na ulimi. Kila kimoja unaweza kukipandisha au kukishusha peke yake, bila kuwagusa wenzake.

Alipunguza cha nne, *s* zikaacha kuuma. Akapandisha cha pili kidogo, na kwa mara ya kwanza nikasikia kitu ninachokijua, kama kuona kanga yako mgongoni kwa mtu mwingine.

Gaspard alipiga makofi. Lakini tulipofika pale "Mama!", ikavunjika vilevile.

"Nitaipata," Rénovat akasema.

15 Desemba

Mshumaa haukucheza! Ubeti mzima. Mama mukwe aliona. Akaupuliza ukazima, akaenda zake. Sikuelewa kama ni hasira au ni kuokoa mshumaa.

25 Desemba

Noeli. Niliimba misa ya asubuhi, nikiwa katikati ya wengine, si mbele. Nilichoka kama niliyelima.

12 Januari 1958

Nimechoka, na leo nimesema.

Toka Noeli kila Jumapili ni ileile. Naimba, naita "Mama!", inavunjika, Rénovat anashusha kifungo cha tatu, anapandisha cha pili, anasogeza mikro upande, anatundika blanketi nyingine, anasema "mara moja tena". Siku za kazi natwanga sombe, majani ya muhogo, nikivumisha sauti, nafua nikivumisha, naloweka mihogo nikivumisha. Majirani wanafikiri nimepata wazimu wa nyuki. Leo, tulipofika pale, aliniimbisha neno lile moja tu, "Mama", "Mama", "Mama", huku ameinamia kisanduku na jicho lake moja limefungwa. Gaspard alikuwa ametoka nje kuvuta sigara.

Nikavua kitambaa changu cha shingo, nikakitupa juu ya mashine.

"Minye nachoka. Weye unataka kunitengeneza kama poste ya watu, redio mbovu."

"Hapana, Émérance. Sikia kwanza..."

"Miezi yote minye nasikia! Ni weye hausikie. Haukulia. Kesho yake tu ulienda kazini. Siku ya marehemu ulisema groupe. Sasa unasimama hapa, unaniimbisha 'mama, mama', na hauoni ni nani alikuwa ananiita hivyo?"

Alikaa chini juu ya sakafu. Sijawahi kumwona akikaa chini hivyo, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto. Mikono yake yenye madoa ya risasi ya kuunganishia waya ilikuwa imelala tu.

"Pale sauti yako inavunjika," akasema, "iko mahali pamoja siku zote. Ni pa kifungo cha tatu, karibu na juu. Minye napajua kuliko ninavyojua njia ya kwetu. Njo ile sauti, ndiyo ile ulilia nayo ile siku. Ileile. Kila ukifika pale, minye niko tena mulangoni, na mutoto iko juu ya kitanda." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Siwezi kuisikia. Nilisema nikiipata, nitaikata, itoke."

"Itoke kwenye utepe?"

"Itoke."

Nilirudi nyumbani peke yangu kwa mguu, mvua ikininyea, na sikukimbia.

13 Januari

Sikufanya mazoezi.

14 Januari

Wala leo.

19 Januari

Rénovat alikwenda depo peke yake. Gaspard alipita, akanisihi, kisha akanikaripia. "Unatuangusha sisi wote." Nikamwambia aimbe yeye.

26 Januari

Tunasemeshana habari za chumvi na mafuta ya taa tu.

2 Februari

Leo Niyonsaba amesema.

Nilikuwa uani namenya muhogo. Alisogeza kigoda chake mpaka magoti yetu yakagusana. Kiswahili chake ni kidogo, cha sokoni, kinatembea na Kirundi mkono kwa mkono.

"Mukazana wanje," akaanza. Hivyo ndivyo wao humwita mke wa mwana wao. "Mbona haufanye tena ile *mmm* yako?"

"Nimechoka, mama."

"Minye nilikuwa naisikia asubuhi. Nikiisikia, najua leo nyumba iko na muntu."

Nikamuuliza lile lililokuwa linanikaba toka Juni. "Mama, weye unabaki hapa juu yangu, sababu yangu? Unaona minye nilimuchelewesha mutoto?"

Aliweka kisu chini. Alinitazama kama mtu aliyesikia jambo la kijinga kanisani.

"Minye nilizika watoto wane," akasema. "Wane. Nani anaweza kunifundisha surua? Hapana, minye nilibaki juu yake, hapana juu yako. Weye ulilia. Weye ulipasua koo, damu ikatoka, nikasema: huyu atapona. Yeye hakutoa kitu. Baba yake alikuwa hivyohivyo. Alinyamaza, akanyamaza, siku moja akaingia mu Ruzizi na nguo zake, tukamukuta kule chini mu matete."

Sikujua. Rénovat aliniambia baba yake aliuawa na homa.

"Sasa iko na ile kisanduku," mama mukwe akasema. "Minye sijui ni kitu gani. Lakini akiishika, anakula. Mwache ashike."

Tuliendelea kumenya. Mimi niliyedhani miezi yote hiyo macho yake yananihukumu! Yalikuwa yanapita juu ya bega langu, yanamtafuta mwanawe.

3 Februari

Asubuhi nilivumisha sauti. Niyonsaba, ndani ya jikoni, akaitikia chini kidogo, sauti yake nzito kama kinu. Hatukuangaliana.

9 Februari

Nimerudi depo. Nilimwambia Rénovat, "Tuendelee. Lakini neno lile, usiniambie nilirudie peke yake." Akaitika kwa kichwa. Alikuwa ameninunulia tangawizi.

16 Februari

Mvua.

23 Februari

Kazi nzuri. Nimejifunza kusogea nyuma nusu hatua kabla ya kupanda juu, ili mikro isinikamate kooni, na kurudi karibu kwenye maneno ya chini. Nimejifunza kwamba pumzi ya ubeti wa tatu inavutwa katika ubeti wa pili, wakati bado unadhani unayo ya kutosha. Rénovat hashushi tena vifungo kwa pupa. Anasikiliza, anagusa, anaacha.

Bado inavunjika, ila sasa ni ufa, si shimo.

9 Machi

Ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, zimejaa ufukweni, mji wote unanuka. Tumekula mpaka tumechoka.

16 Machi

Lazima niandike leo hata kama macho yananiuma.

Mvua kubwa ya usiku wa Ijumaa ilileta maji ya Ruzizi mashambani, na habari zilifika kwamba nyumba ya Niyonsaba kule Mutarule imeanguka. Hakulia. Alisema udongo umerudi kwa udongo. Lakini asubuhi ya leo, kabla sijatoka, nilimkuta amekaa juu ya kitanda chake, amejifunga mzigo, na hajui aende wapi. Nikaufungua mzigo mwenyewe, nikatundika nguo zake ukutani.

Nilifika depo nikiwa na hayo kifuani. Nikaimba. Pale "Mama!", nilimwona yeye juu ya kile kitanda, nikamwona Anna, nikajiona mimi, na sauti haikuvunjika tu. Ilipasuka, ikatoka kilio kile cha Juni, chote, kirefu, na mwisho wake nikapiga magoti. Utepe ulikuwa unazunguka.

Nilipoinua kichwa, Rénovat alikuwa ameziba masikio. Gaspard alikuwa analia na kucheka.

"Njo hiyo!" akasema. "Njo hiyo! Tunapeleka hii. Wakisikia hii kule Léo, Kongo nzima italia. Rénovat, usiguse kitu! Toa kisanduku, acha ivyo."

"Hapana," nikasema.

"Émérance, weye hauelewi uzuri wa hiki kitu. Muntu anaweza kuimba maisha yake yote na asikipate."

"Naelewa."

"Miezi sita unatafuta sauti, sasa umeipata, unakataa?"

Nikasimama, nikajipangusa vumbi la magoti. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuwa na woga wowote.

"Kaka Gaspard, hii si wimbo wako. Wimbo wako ni wa bibi arusi. Muntu ataozesha mutoto wake, atafungua redio, watu wacheze. Minye nitaimba hiyo vizuri. Lakini hii nyingine ni ya mutoto wangu. Haiende ku redio. Watu wasiomujua hawatakula sombe wakiisikiliza."

Gaspard alimgeukia Rénovat, mwanaume kwa mwanaume. "Semesha bibi yako."

Nilidhani Rénovat atanyamaza, kama desturi. Aliondoa utepe kwenye mashine taratibu, akaukata kwa mkasi kutoka mwanzo wa ubeti wa tatu mpaka mwisho, akakunja kile kipande, akakitia katika mfuko wa shati.

"Bibi yangu amesema," akajibu. Kisha kwangu: "Tutaanza tena Jumapili. Minye nitashusha kifungo ya tatu kidogo tu. Weye utabeba ile itabaki."

Gaspard alitoka na gita lake bila kuaga. Nilimheshimu mtu huyu miezi hii yote kwa sababu alinifuata wakati wengine walinikimbia. Leo nimeona alichokifuata. Si ubaya. Anapenda nyimbo kuliko watu, na nyimbo zake ni nzuri. Lakini sitamwachia tena ufunguo wa nyumba yangu.

23 Machi

Mvua kutwa. Gaspard hakuja.

30 Machi, Jumapili ya Matawi

Siku ya mwisho. Kesho utepe unaondoka na posta. Asubuhi mvua ilipiga bati bila huruma. Tulingoja watatu, maana Niyonsaba alikuja pia, na tawi lake la misa mkononi. Gaspard aliingia mchana, amelowa, akasema tu, "Nitapiga gita. Hamuwezi kuimba bila gita."

Mvua ilipolegea, matone ya mwisho yakidondoka nje moja moja, Rénovat akatoa ishara. Nikavuta pumzi mapema. Nikaimba bibi arusi, si mimi. Nilimwona kabisa, msichana mwenye kitambaa kipya, anaogopa maji lakini ana furaha. Nikasogea nyuma nusu hatua. "Mama!" Ikapanda. Pembeni yake ilikwaruza, kama mlango unaogusa sakafu, na nikaona mkono wa Rénovat ukishusha kifungo cha tatu, kidogo, kwa upole, kama mtu anayempangusa mwenziwe chakula mdomoni. Macho yake yalikuwa wazi, na yalikuwa kwangu.

Tulisikiliza. Sauti ilikuwa safi. Gaspard alisema, "Ni muzuri." Baadaye akasema, "Ile nyingine ilikuwa muzuri kupita." Rénovat alikuwa anautia utepe katika bahasha.

6 Aprili, Pasaka

Niliimba mbele.

14 Aprili

Tunatafuta miti ya kujenga nyumba ya Niyonsaba, lakini hapa hapa Kimanga, nyuma ya yetu. Mutarule atakwenda kulima tu.

27 Aprili, Jumapili

Leo jioni, saa ambayo redio ya Léo inapaza Kiswahili katika haut-parleur ya cité, kile kipaza sauti cha mtaani, mtangazaji alisema Uvira, akasema jina la Gaspard, na wimbo ukaanza. Tulikuwa tunakula, mlango wazi. Sauti ilitujia juu ya paa za watu. Nje mtu alipiga kelele, "Ni Émérance!" Wanawake wakapiga vigelegele. Pale "Mama!", ilipita juu, nzima, ikaendelea na safari yake. Nikajua ni yangu, na kwamba si yangu peke yangu, ni ya kifungo cha tatu na tangawizi na mshumaa.

Ulipokwisha, Rénovat alikuwa ameshika tonge na haliingii mdomoni.

"Anna alikuwa anawalisha," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kutaja jina lake tangu Juni. Mama mukwe na mimi tulisimamisha mikono juu ya sahani.

"Alikuwa anawalisha nani?"

"Watu wa ndani ya poste, wale alifikiri wanaimba mule. Mwezi wa sita, kisha ya maziko, Patron alinidai poste moja nilikuwa nimeileta hapa nyumbani kutengeneza. Nikaifungua nyuma. Nikakuta bugali. Vidonge vidogo-vidogo vya bugali, vimekauka, amevipanga juu ya kila lampe, zile taa za ndani. Na ndagala moja." Sauti yake ilikuwa inatembea juu ya kitu kisicho imara. "Kila muntu na chakula chake. Ndagala moja tu, sababu walikuwa wengi, hazikutosha. Minye nilifunga poste. Sikuweza kuisafisha, sikuweza kuwaambia."

Kisha akalia. Mikono mezani, mdomo wazi, bila aibu, kwa sauti ambayo sikujua anayo, nzito, inayotoka pale kwenye kifungo cha kwanza. Sikumnyamazisha. Niyonsaba alisogea akaweka mkono mgongoni mwake na kuuacha pale. Tulikaa hivyo mpaka haut-parleur ikamaliza habari za bei ya pamba.

Alipotulia na kujifuta, mama mukwe akamuuliza, kwa uzito kabisa, kama mtu anayeuliza habari za wageni waliopita:

"Na walishiba?"

Rénovat akamtazama. Akaanza kucheka, nami nikacheka, na yule mama naye, tukacheka mpaka koo langu likaniuma.